Ruhusa Wasiyoitumia Wagonjwa

Mwezi wa Ramadhani, kuanzia saa kumi na moja jioni, Kijenge, hapa Arusha, hunukia mafuta ya moto. Kina mama wamekwisha kupanga majiko ya mkaa kandokando ya njia zinazoelekea Moshono. Karai moja lina bagia, jingine kachori, na kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa kwa sinia mihogo ya nazi inatokota taratibu. Vijana wa bodaboda wamezima pikipiki, wamekaa kimya juu ya viti wakisubiri adhana. Jirani zao Wakatoliki na Walutheri nao mara nyingi wamo kwenye Kwaresima. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, wiki ile ile Ramadhani ilipoingia, na kwenye nyumba zetu hizi za wapangaji haikuwa rahisi kupata ua usio na mtu aliyefunga.

Kila mfungo unapokaribia, swali hurudi vibarazani na kwenye vifodi: je, kufunga kunadhuru afya? Wapo wanaojibu kwamba kufunga ni dawa ya kila kitu, na wapo wanaosema ni kujitesa. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayeishi hapa tulipo, jibu langu ni kwamba hakumdhuru. Anayeumia huumizwa na moja kati ya mambo mawili: namna anavyoutumia usiku, au kukataa ruhusa ambayo dini yake ilikwisha kumpa. Hili la pili ndilo linalojaza vitanda, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Tuanze na mchana wenyewe, kwa sababu tunauogopa kupita kiasi. Arusha iko digrii tatu na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki hata kwa nusu saa mwaka mzima. Ramadhani ije Juni au Desemba, Mwislamu wa Kijenge hufunga saa kumi na tatu na dakika kadhaa. Ndugu yake aliyehamia London hufunga saa kumi na minane au zaidi mwezi ukiangukia Juni. Ini la mtu aliyekula vizuri lina akiba ya sukari ya kumfikisha saa kumi na mbili au zaidi, na akiba hiyo ikipungua mwili huanza kuchoma mafuta. Hakuna kiungo kinachoharibika kwa kazi hiyo. Mwili uliumbwa kuweza kukosa chakula kutwa moja.

Maji ndiyo yanayotaka hesabu. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoshuka kutoka Meru hukausha jasho kabla hujaliona. Januari hadi Machi, kabla mvua za masika hazijashika, jua ni kali na vumbi limejaa. Fundi mwashi au dereva wa bodaboda anaweza kupoteza maji mengi asijitambue mpaka kichwa kianze kugonga saa tisa alasiri. Juni na Julai kosa hugeuka: baridi huondoa kiu, mtu akafuturu chai ya tangawizi kikombe kimoja, akalala. Kipimo kisichodanganya ni mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu, maji yanatosha. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, usiku uliopita hukunywa. Lita mbili au mbili na nusu hazinyweki kwa mkupuo wakati wa daku, maana figo zitayatoa mengi ya maji hayo kabla ya saa nne asubuhi. Zinywewe glasi kwa glasi tangu adhana ya magharibi, kabla ya tarawehe na baada yake.

Na maji ya huku yana jambo lake ambalo mgeni halijui. Maji mengi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, mara kadhaa zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia Arumeru chanzo chake ni hicho. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kuichuja kwa kutumia mifupa iliyochomwa. Kwa mfungaji mtu mzima hilo si jambo la kumkosesha usingizi, lakini uji wa futari hunywewa pia na watoto ambao meno yao bado yanaumbika, na uji wao upikwe kwa maji yaliyochujwa au ya mvua.

Sasa futari. Ninaipenda futari ya nyumbani kwetu na sitaki mtu aiguse: tende mbili tatu, uji wa pilipili manga, magimbi au viazi vitamu, maharage ya nazi, ndizi mshale kutoka mashamba ya Meru, na kipande cha parachichi. Chakula hiki hakina ubaya wowote. Ubaya huanza pale vyakula vitano vya wanga vinapokaa kwenye mkeka mmoja, kila kimoja kikiwa kimekaangwa au kimetiwa sukari, na mtu akavimaliza ndani ya dakika kumi. Kaimati ni unga uliozama kwenye mafuta kisha ukazama kwenye shira. Ukizifuatisha na juisi ya ukwaju yenye sukari robo kilo kwa jagi, sukari ya damu hupanda kwa kasi, insulini humiminwa kwa wingi, na ukirudi kutoka tarawehe una njaa tena na usingizi umekushika. Ndio maana watu wengi humaliza mwezi wakiwa wamenenepa, wakashangaa. Dawa yake ni kufungua kwa tende na maji, kwenda kuswali, na kurudi kwenye chakula tumbo likiwa limetulia. Wazee waliishi hivyo bila kusoma kitabu chochote cha lishe.

Daku ndiyo inayopuuzwa. Vijana wengi hula saa tano usiku, wakalala hadi asubuhi, na hapo saa kumi na tatu zimegeuka kumi na tisa. Wengine huamka wakanywa chai na mkate mweupe, chakula kinachoisha tumboni kabla jua halijapanda. Huku kwetu tuna chakula ambacho sijaona kinachokishinda kwa daku: makande. Mahindi na maharage pamoja hutoa nguvu polepole kwa saa nyingi, yana protini, yana nyuzinyuzi, na bei yake haimshindi mtu. Loshoro nayo, kwa maziwa yake ya mgando, hufaa vilevile. Sharti langu ni moja tu: punguza magadi. Tumezoea kuyatia ili mahindi yaive haraka na kuni au mkaa usiishe, lakini magadi yamejaa sodiamu, na ya ukanda huu mara nyingi yana floraidi juu yake. Sodiamu ya saa kumi alfajiri ndiyo kiu ya saa sita mchana, na kwa mwenye presha ni zaidi ya kiu. Loweka mahindi na maharage tangu asubuhi, umwage maji yale, upike upya. Yataiva.

Kahawa nitaipitia haraka. Aliyezoea vikombe vinne kwa siku apunguze kuanzia wiki moja kabla, la sivyo siku tatu za mwanzo kichwa kitamuuma na atadhani ni njaa.

Hayo yote ni ya wenye afya. Nije kwa wagonjwa.

Shangazi yangu ana zaidi ya miaka sitini, na ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ya sita ya mfungo mmoja, yapata saa tisa alasiri, nilimkuta ameketi kwenye mkeka barazani. Upepo ulikuwa unavuma, lakini kanga yake ilikuwa imelowa jasho mabegani. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Hakuitikia. Alikuwa anafungua na kufunga pindo la kanga, anafungua na kufunga, kama anayetafuta hela aliyoifunga humo. Nikadhani usingizi umemlemea. Kijana wa kaka yangu ndiye aliyekimbia kuleta mashine ya kupimia. Ikasoma 2.8. Tukakoroga sukari vijiko vitatu kwenye glasi ya maji, akanywa akiwa hajui anachokinywa. Robo saa baadaye akatutambua, akaona glasi mkononi mwake, akaanza kulia. "Mmenifanya kobe uzeeni," alisema.

Kobe, kwa watoto wa mitaani kwetu, ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Neno hilo la utani ndilo lililokuwa limemkalia kifuani mama yule kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulipouliza, habari ilitoka vipande vipande. Alikuwa akitumia glibenklamaidi, kidonge asubuhi na kidonge jioni. Kwa kuwa mchana hawezi kumeza dawa na usiku huchoka mapema, alivimeza vyote viwili wakati wa daku, juu ya chai na kipande cha mkate. Kliniki anakokwenda kila mwezi hakuna aliyemuuliza kama atafunga. Yeye naye hakusema, kwa kuhofia kukatazwa. Glibenklamaidi hulibana kongosho litoe insulini, umekula au hujala, na nguvu yake huweza kukaa hadi kutwa nzima. Dozi ya siku nzima juu ya kipande cha mkate: alasiri ile haikuwa bahati mbaya hata kidogo.

Na hayuko peke yake. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa EPIDIAR, katika nchi 13, kwa wagonjwa wa kisukari 12,243. Wengi wao walifunga. Miongoni mwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio ya sukari kushuka hadi mtu kulazwa hospitali yaliongezeka zaidi ya mara saba wakati wa Ramadhani. Kwa aina ya kwanza yaliongezeka zaidi ya mara nne. Kwetu Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima tisa katika kila mia, wenye miaka 25 hadi 64, wana kisukari, na karibu 26 katika mia wana presha. Ukiutazama msikiti wowote mjini siku ya Ijumaa, hesabu hiyo ina maana kwamba safu kadhaa nzima za waumini zinahitaji mpango wa dawa kabla mwezi haujaandama.

Mpango huo upo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na madaktari wanaoshughulikia kisukari na Ramadhani, walitoa mwongozo ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka 2021. Daktari humpa mgonjwa alama kwa kila hatari aliyonayo: aina ya kisukari, dawa anazotumia, kama sukari imewahi kumshuka miezi ya karibuni, hali ya figo, umri, ujauzito, kazi ya kutumia nguvu. Alama zikizidi sita, anashauriwa asifunge. Zikiwa chini, anaweza kufunga kwa kubadilishiwa dawa. Metformini kwa kawaida huhamishiwa kwenye futari na daku bila tabu. Glibenklamaidi hupunguzwa au kubadilishwa. Insulini hupangwa upya, na hilo si la kujipangia kwa kuuliza duka la dawa. Na hata aliyeruhusiwa ana mstari wa kusimama: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, anafungua saa hiyo hiyo, hata kama adhana imebakiza dakika ishirini. Mwongozo unataka mazungumzo haya yafanyike wiki sita hadi nane kabla ya mfungo. Kwa kalenda yetu hapo ni Rajabu. Watu wakisikia Rajabu hukumbuka sunna za kufunga. Mimi ningependa wakumbuke pia kadi ya kliniki.

Hapa nawasikia wanaosema kwamba sayansi inaingilia ibada. Si kweli. Aya za Surat al-Baqara zilizofaradhisha funga ndizo hizo hizo zilizowatoa mgonjwa na msafiri, na wasioweza wakapewa fidia ya kulisha maskini. Mwenye ugonjwa wa kupona hulipa siku zake baadaye. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama shangazi, hulisha maskini kwa kila siku. Mjamzito na anayenyonyesha wana nafasi yao wakihofia nafsi zao au watoto. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayetumia ruhusa hii ana daraja la chini. Mwanamke aliye katika hedhi hula mchana wala hatumwoni amevunja kitu, kwa kuwa tumezoea. Mgonjwa wa sukari tunamtazama kwa jicho jingine kwa sababu ugonjwa wake hauonekani usoni.

Hofu ya kubatilisha funga nayo huwakosesha watu matibabu ambayo hayana shida. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kuorodhesha mambo yasiyofunguza: matone ya macho na masikio, kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi mradi kisimezwe, sindano zisizo za lishe, kutoa damu kwa ajili ya vipimo. Dawa ya pumu ya kuvuta kinywani iliachwa kwa mjadala zaidi na wanazuoni bado wanahitilafiana, lakini mtu aliyebanwa na kifua anavuta dawa yake kwanza. Mengine atamuuliza shekhe akiwa anapumua.

Wenye presha wengi hutumia amlodipini mara moja kwa siku, na kuihamishia usiku ni jambo jepesi. Zile za kukojoza ndizo za kuzungumza na daktari, maana zikimezwa daku huchukua maji uliyoyahitaji mchana. Vidonda vya tumbo vilivyopona havimzuii mtu. Vinavyouma vinamzuia, na aliyetapika damu au kupata choo cheusi kama lami hana mjadala tena. Dawa ya maumivu kama diklofenaki, inayomezwa alfajiri tumbo likiwa tupu ili mtu aweze kubeba zege kutwa, ni njia ya mkato ya kwenda kutoboa tumbo. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU mara moja kwa siku anaweza kuzimeza baada ya futari, kila siku saa ile ile. Kuruka siku asiruke.

Upande wa Wakristo sheria zimeandikwa kwa upole kuliko wengi wanavyofikiri. Kanisa Katoliki linawataka waumini wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi kutimiza 59, kwa mlo mmoja kamili na miwili midogo, na maji hayakatazwi. Kuacha nyama siku ya Ijumaa huanza miaka 14, na katika mji unaopenda nyama choma kama huu, moyo na mishipa ya damu hushukuru. Hapo sina cha kuongeza.

Wasiwasi wangu uko kwenye mifungo isiyo na sheria iliyoandikwa. Januari inapoingia, makanisa mengi ya kiroho hutangaza maombi ya siku 21 au 40. Wanaofuata mfungo wa Danieli, wakila mboga, nafaka na kunywa maji, hawana hofu kubwa. Lakini wapo wanaoshika mfungo mkavu wa siku tatu kwa kufuata habari za Esta, bila chakula wala tone la maji. Siku tatu bila maji, kwa mtu anayefanya kazi juani, ni ukingo wa kile ambacho figo zinaweza kustahimili. Mwenye sukari, mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuujaribu hata siku moja. Ukiuliza kwa nini mtu hakunywa maji alipoanza kuona giza, utasikia jibu linalofanana na machozi ya shangazi: aliogopa kuonekana imani yake ni haba.

Aprili 2023 majirani zetu wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, na mingine, ikiwamo ya watoto, ikiwa na dalili za kunyongwa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake, wakakana mashtaka. Shakahola si mfungo, na sitaki kuiweka kwenye mizani moja na ibada ya mama anayeomba kwa siku tatu akiwa chumbani kwake. Ila naona uzi mmoja: kula kukishafanywa kuwa ushahidi dhidi ya imani ya mtu, hakuna tena mahali pa kusimama. Maandiko ya dini zote mbili yaliweka mahali pa kusimama.

Hata kumaliza mfungo mrefu kuna hatari yake. Mwishoni mwa Vita ya Pili ya Dunia madaktari waliona mateka waliokonda kwa njaa wakifa baada ya kulishwa, jambo lililowachanganya sana. Mwili uliokaa bila chakula siku tano au zaidi, ukipewa wanga mwingi ghafla, huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye seli. Moyo hupoteza mwendo. Kwa hiyo sinia la pilau na soda siku ya kufungua mfungo wa siku saba, ambalo waumini huliandaa kwa furaha ya kweli, linaweza kumwangusha aliyevuka wiki nzima salama. Aanze na kidogo: mtori mwepesi, maziwa, yai, kisha aongeze kwa siku kadhaa. Aliyefunga zaidi ya hapo, au aliyekuwa amekonda tangu mwanzo, afungulie karibu na mhudumu wa afya.

Ninachokitaka kwa viongozi wetu si kikubwa. Ijumaa za mwisho za Shaabani hotuba zizungumzie fidia kwa undani ule ule zinavyozungumzia thawabu, na mgonjwa ahesabiwe kilo za mchele anazopaswa kutoa ili ajue ibada yake inaanzia wapi. Kanisa linaloandikisha majina ya watakaofunga liongeze safu moja kwenye daftari: unatumia dawa gani? Na kwenye ua wa msikiti, siku mbili tatu kabla ya kumi la kwanza la Ramadhani kuanza, akae muuguzi na mashine moja, meza moja na boksi la vijiti vya kupimia. Kidole huchomwa, tone hutoka, namba inasomeka kwa sekunde chache, na kwa kauli ya wanazuoni waliokutana Jeddah, funga inabaki pale pale.